Kweli au Si Kweli: Koti la Husnah na Maji ya Ufipa

Sumbawanga koti halimshangazi mtu. Ikifika Juni, upepo ukishuka kutoka milima ya Mbizi, dereva wa bodaboda anavaa makoti mawili, mama wa mboga anajifunga kitenge juu ya sweta, na mtoto wa darasa la kwanza anapelekwa shule amefungwa kama kifurushi cha posta. Kwa hiyo niliposimulia kijiweni, pale kwa kinyozi wetu Kizwite, kwamba Kampala kulikuwa na binti asiyekubali kutoka nyumbani bila koti hata jua liwake vipi, mzee aliyekuwa kwenye kiti alicheka mpaka mashine ikasimamishwa. "Angekuja huku kwetu," akasema, "nani angemjua?"

Hakuna ambaye angemjua. Nimelifikiria jibu hilo kwa siku nyingi.

Binti mwenyewe ni Husnah Kukundakwe, muogeleaji wa Uganda. Alizaliwa Machi 2007 bila kigasha cha mkono wa kulia, na mkono wa kushoto nao una hitilafu. Koti lilikuwa la kuficha. Amewaeleza waandishi kwa kinywa chake kwamba hakutaka watu wauone mkono ule wala wauzungumzie. Mwaka 2021, akiwa na miaka 14, alisimama kandokando ya bwawa la Tokyo mkono ukiwa wazi, kamera za dunia zikimtazama, na kati ya wanamichezo zaidi ya 4,000 waliofika kwenye Paralimpiki ile hakukuwa na mdogo kuliko yeye. Mwaka 2024 akaenda tena, Paris, akiwa na miaka 17.

Mabishano yaliyofuata pale kwa kinyozi yalikuwa makali kuliko ya Simba na Yanga. Niliyoyasikia siku ile, pamoja na niliyookota baadaye Matai, Kasanga na ndani ya basi la Tunduma, nayaweka hapa moja moja na kuyatolea hukumu. Mengine hayakustahili hata hukumu, lakini yanasemwa.

"Asiye na mkono akiingia majini anazama kama jiwe."

Si kweli. Hata mwenye mikono miwili haelei kwa sababu ya mikono. Kinachomweka mtu juu ya maji ni hewa iliyomo kifuani. Jaza mapafu, tulia, lala chali, utaelea. Anayezama mara nyingi ni yule anayepapatika, awe na mikono miwili au asiwe nayo kabisa. Kazi ya mikono ni kuvuta maji na kuelekeza mwili. Na katika mtindo wa kifua, ule ambao mtu anakwenda kama chura, sehemu kubwa ya mwendo inatoka miguuni. Mbio alizoogelea Husnah kule Tokyo zilikuwa mita 100 za mtindo huohuo.

Mkono mfupi una shida yake, ila si ya kuzama. Ukivuta kwa mkono mrefu upande mmoja na mfupi upande wa pili, mwili unataka kugeuka. Wavuvi wa Kipili watanielewa haraka: mtumbwi unaopigwa kasia upande mmoja tu unazunguka, mpaka aliyeshika kasia ajue kulipindisha kidogo mwishoni mwa kila mvuto ili chombo kirudi kwenye mstari. Muogeleaji naye anasahihisha hivyohivyo, kwa teke, kwa kiuno, kwa namna anavyokiweka kichwa. Usahihishaji huo hauonekani kwenye televisheni. Unachokiona ni mtu anayekwenda moja kwa moja, ukadhani ni jambo jepesi.

Sheria za mchezo nazo zimelifikiria hilo. Katika mtindo wa kifua, muogeleaji anapogeuka na anapomaliza lazima aguse ukuta kwa mikono yote miwili kwa wakati mmoja. Ambaye mikono yake hailingani anagusa kwa ule mrefu, lakini yote miwili inyooshwe mbele kwa pamoja. Ukiuacha ule mfupi nyuma, mwamuzi anaweza kukuondoa hata kama umetangulia. Zheng Tao wa China, ambaye hana mkono hata mmoja, anagusa ukuta kwa kichwa. Kwenye mbio za mgongo, wakati wenzake wameshika vishikio vya ukutani wakisubiri mlio wa kuanzia, yeye anauma kitambaa kwa meno, mwili umejikunja kama upinde. Tokyo alirudi nyumbani na dhahabu 4.

"Majini wanavaa mikono ya bandia, ndiyo maana wana kasi."

Si kweli. Kwenye bwawa la Paralimpiki kiungo cha bandia hakiruhusiwi. Mguu unaachwa kitini, mkono unaachwa kwenye begi, mtu anaingia na mwili wake alivyo. Kijana aliyelisema hili alikuwa amechanganya na wakimbiaji wa miguu ya kaboni. Tumsamehe.

"Wasiojiweza wanachanganywa pamoja, atakayebahatika ndiye mshindi."

Kwanza hilo neno. "Wasiojiweza" lilizoeleka sana kwenye hotuba na redio, na bado halijatutoka mdomoni. Mtu anayemaliza mita 100 za bwawa bila kusimama, huku wewe na mimi tukipanda ngazi za ghorofa ya pili tunahema, sijui ni nani kati yetu asiyejiweza.

Kuhusu kuchanganywa, si kweli. Waogeleaji hupangwa kwa madaraja. Daraja la S1 hadi S10 ni la wenye ulemavu wa viungo, na kadiri namba inavyopungua ndivyo ulemavu unavyozidi kumzuia mtu majini. S11 hadi S13 ni wasioona na wenye uoni hafifu. S14 ni wenye ulemavu wa akili. Mtindo wa kifua una madaraja yake, SB, kwa kuwa unategemea miguu kuliko mitindo mingine; Husnah alishindana katika SB8. Hakuna anayejipangia. Kama ulemavu wako ni wa viungo, wataalamu wanakupima nguvu na viungo ukiwa umelala kitandani, wanakuingiza majini wakutazame, kisha wanakufuatilia kwenye mashindano yenyewe.

Wa daraja la S11 wote huvaa miwani iliyotiwa weusi, ili anayeona kivuli kidogo asimzidi asiyeona chochote. Na kwa kuwa ukuta hawauoni, mtu anasimama mwisho wa bwawa akiwa na fimbo ndefu yenye ncha laini, na muogeleaji anapokaribia anamgonga kichwani au mgongoni: geuka. Akikosea kwa nusu sekunde, mwenzake anagonga ukuta kwa paji la uso. Nimeitazama kazi hiyo kwenye video mara nyingi kuliko mbio zenyewe.

Kinyozi, ambaye muda wote alikuwa kimya, akauliza swali zuri kuliko yote ya siku ile: je, mtu hawezi kudanganya, akajifanya mlemavu zaidi ya alivyo?

Anaweza kujaribu, na wapo waliofanikiwa. Kwenye michezo ya Sydney mwaka 2000, timu ya mpira wa kikapu ya Hispania ya wenye ulemavu wa akili ilichukua dhahabu, kisha ikabainika kwamba wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu huo. Walionyang'anywa zaidi ni wasiokuwa na kosa: wanamichezo wenye ulemavu wa akili wa dunia nzima walifungiwa mlango wa Paralimpiki mpaka London mwaka 2012. Kwa hiyo ukisikia mtu analalamika kwamba upimaji ni usumbufu, mkumbushe Sydney.

"Kule kila mtu anapewa medali, ni mambo ya huruma."

Si kweli. Husnah aliondoka Tokyo bila medali. Dhahabu ya mbio zake ilichukuliwa na Ellen Keane wa Ireland, fedha ikaenda kwa Sophie Pascoe wa New Zealand. Hakuna aliyeinama kumpa Mganda kitu kwa kuwa ni mtoto, au kwa kuwa katoka mbali.

Huyo Keane hafai kupitwa haraka. Naye alizaliwa bila kigasha, wa kushoto. Naye alianza mapema: alikwenda Beijing mwaka 2008 akiwa na miaka 13. Dhahabu ya Tokyo ilimjia miaka 13 baada ya safari ile ya kwanza. Na naye amesema hadharani kwamba kuna miaka aliuficha mkono wake kwa nguo za mikono mirefu. Dublin na Kampala, hali ya hewa haifanani hata kidogo, watoto wawili wasiojuana, na wote wawili wakaona dawa ni nguo.

"Mkono ule una mkono wa mtu."

Hili lilisemwa kwa sauti ya chini, ndani ya basi, na mama mmoja aliyekuwa ameshika kapu la migebuka mapajani. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa ananionya.

Si kweli. Mikono ya mtoto huanza kuchipua kama vichomozo viwili vidogo katika wiki ya nne hivi ya mimba, na kufikia wiki ya nane vidole vimeshatengana. Wakati huo mama wengi hawajajua hata kwamba ni wajawazito. Damu ikikosa kufika vizuri mahali fulani, au utando wa ndani ya mji wa mimba ukikatika na kukizingira kiungo kama uzi, mkono unaishia hapo. Mara nyingi madaktari hawapati sababu kabisa, na hiyo ndiyo nafasi ambayo jirani huijaza. Lakini mama hakufanya kosa, shangazi hakutuma kitu, na hakuna aliyevuka kaburi.

Mji wetu una jina linalotakiwa kutuaibisha kila tunapoyasema haya. Kwa maelezo tunayopokezana toka utotoni, Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Mgeni aambiwa aache mizigo yake ya giza mlangoni. Watani zetu wamekuwa wakitucheka kwamba tuliutupa ndani badala ya nje, nasi tunacheka nao. Lakini Rukwa ni mmoja wa mikoa ambako watu wenye ualbino, watoto wakiwamo, walikatwa mikono na watu walioamini kwamba kiungo cha binadamu kinaleta utajiri. Hapo utani unaishia.

(Kwa kuwa tumewataja: wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, na uoni huo ukiwa chini ya kiwango kilichowekwa, wana haki ya kuingia madaraja ya wasioona vizuri, bwawani na uwanjani. Wachache huku kwetu wameambiwa.)

Tulipokuwa wadogo, mtaani kwetu kulikuwa na nyumba yenye mtoto aliyekuwa akikaa uani. Tulijua yupo kwa sababu mpira ulipovuka ukuta ulirudishwa, na aliyeurudisha hatukuwahi kumwona. Ulirushwa vizuri tu, kwa nguvu. Jina lake nililisikia kwa mara ya kwanza siku ya msiba wake. Yeye hakuwa na koti, alikuwa na ukuta wa tofali.

"Para ni kifupi cha kupooza."

Ilianza hivyo, haiko hivyo tena. Daktari Ludwig Guttmann alianzisha mashindano ya upinde kwenye hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ya London ilipofunguliwa. Washiriki walikuwa 16, wote kwenye viti vya magurudumu, na watu wakacheza na neno la kupooza. Siku hizi "para" inachukuliwa kwa maana yake ya Kigiriki, sambamba: michezo inayokwenda sambamba na Olimpiki. Kuogelea kumo tangu Paralimpiki ya kwanza, Roma 1960.

"Viziwi nao wanakwenda hukohuko."

Hapana, wana michezo yao, tena ya zamani zaidi: ilianza Paris mwaka 1924. Tuendelee.

"Nchi zetu hizi hazijawahi kufika huko, huyo Mganda ndiye wa kwanza."

Si kweli. Uganda na Kenya zilikuwapo Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1972, na Kenya ikarudi na dhahabu ya kuogelea kupitia John Britton. Ndiyo, ya kuogelea. Nchi ambayo ukiitaja mtu anawaza mbio za vumbi. Tanzania ilianza Barcelona mwaka 1992. London mwaka 2012 timu yetu nzima ilikuwa mtu mmoja, Zaharani Mwenemti, aliyekwenda kushindana kwenye mitupo. Aliingia uwanjani na bendera, na nyuma yake hakukuwa na mwanamichezo mwingine wa Tanzania wa kumfuata. Medali ya Paralimpiki bado hatuna.

"Alibahatika kuzaliwa Kampala. Huku asingefika."

Hapa nilitaka sana kusema si kweli. Nimejaribu kuipindua kila upande, naona ni kweli kwa sehemu kubwa.

Tazama njia aliyopita. Bwawa linalofikika, kwanza. Kisha watoto wenzake wenye mikono miwili wa kuogelea nao, kwa sababu wa hali yake hawakuwapo wa kutosha kuunda mbio. Kisha mashindano ya nje, kwa kuwa bila kupimwa na wapimaji wa kimataifa hupewi daraja, na bila daraja muda wako hautambuliwi, hata uwe umeogelea kama samaki. Mwaka 2019, akiwa na miaka 12, alikuwa London kwenye mashindano ya dunia. Na nyuma ya yote hayo mama, Hashima Batamuriza, ambaye hakuishia kumsindikiza bintiye. Amekuwa mstari wa mbele kuusimamisha mchezo huo Uganda kwa ajili ya watoto wengine wenye ulemavu. Ukiondoa kiungo kimoja tu kwenye mnyororo huo, koti lingerudi mwilini.

Sasa mweke mtoto huyohuyo Laela, au Mtowisa kule bondeni. Rukwa haina bwawa la mashindano la mita 50. Klabu za kuogelea za nchi hii ziko zaidi Dar es Salaam, na chache kwenye shule za Arusha na Moshi. Kutoka Sumbawanga hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa basi, unaondoka alfajiri na koti, unafika usiku umelishika mkononi. Nauli ya mtoto na mzazi, malazi, siku za shamba zilizopotea. Na shamba la mahindi halimsubiri aliyekwenda kuogelea.

Ndiyo maana nasema kwa sehemu kubwa. Sehemu iliyobaki inakuja.

"Sisi Wafipa ni watu wa mlimani. Maji ni ya watu wa Kigoma."

Si kweli, na huyu aliyesema alikuwa anakula dagaa wakati anasema.

Uwanda wa Ufipa umekaa kati ya maziwa mawili kama mtu aliyekaa katikati ya pikipiki: mguu mmoja Tanganyika, mguu mwingine Rukwa. Livingstone alipofika kusini mwa Ziwa Tanganyika mwaka 1867, jina alilolisikia ni Liemba. Jina hilo ndilo lililobaki ubavuni mwa meli iliyokuja kutia nanga Kasanga kwa vizazi. Watu wasio na habari na ziwa hawalipi jina. Ziwa Rukwa, naam, simshauri mtu. Maji ni mafupi, na mamba wa kule hawaulizi daraja lako ni S ngapi. Lakini Tanganyika ni jambo jingine.

Na mlima wenyewe si kizuizi. Sumbawanga iko kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Tanga au Bagamoyo. Mwili ukikaa huku unajifunza kutengeneza damu inayobeba oksijeni vizuri zaidi. Wafaransa walipojiandaa na Olimpiki ya Mexico ya 1968 walijenga kambi kwenye milima ya Pyrenees, mahali panaitwa Font-Romeu, mita 1,850, karibu sawasawa na sisi, na mpaka leo wanamichezo wa Ulaya, waogeleaji wakiwamo, wanalipa fedha nzuri kwenda kupumua hewa pungufu kama hii tunayopumua bure tukielekea sokoni.

Penye ukweli ni baridi. Maji ya bwawa la mashindano yanatakiwa kuwa kati ya nyuzi 25 na 28. Bwawa la wazi Sumbawanga mwezi wa Julai lingekuwa adhabu, na mtoto mwembamba angetoka midomo ya bluu kabla hajajifunza kitu. Lakini chukua gari hadi Kasanga. Ni zaidi ya kilomita 100 za lami, unapita Matai, halafu barabara inaanza kuteremka. Masikio yanaziba. Watu wanaanza kuvua makoti mmoja mmoja, pasipo kuambiana. Unashuka karibu mita 1,000, na chini kule maji ya juu ya ziwa yana nyuzi kati ya 24 na 28 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ni joto la bwawa la Paralimpiki, au pungufu kwa nyuzi moja tu, na hakuna anayelilipia umeme.

"Watoto wa ziwani hawafundishwi kuogelea, wanazaliwa wanajua."

Nusu kweli, na nusu ile nyingine inazika watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, wengi wao kwenye nchi za kipato kama chetu, na watoto ni wengi miongoni mwao. Mtoto wa Kasanga anajifunza kwa kutazama kaka, na kaka alijifunza kwa kutazama mwingine, na katikati ya hao kuna mmoja ambaye hatajwi sana. Anayejua kuelea bado hajui kumvuta mwenzake, wala hajui upepo wa mchana unavyobadilisha maji yaliyokuwa kioo asubuhi. Mwalimu anahitajika. Ziwa lenye kina cha mita 1,470 halisamehi kukisia.

Lakini vifaa wanavyo. Nenda asubuhi ya Jumamosi ufukweni, wanawake wakiwa wanaosha masufuria na mitumbwi ya usiku ikiwa imeshashusha samaki. Watoto wanakuja na madumu ya njano ya lita 20, yale ya mafuta ya kula, mfuniko umekazwa na kipande cha mfuko wa nailoni ili hewa isitoke. Dumu linakumbatiwa kifuani, miguu inapiga nyuma. Mdogo anaanza na dumu kubwa. Akizoea anapewa la lita 5. Akizoea hilo ananyang'anywa, na siku ya kunyang'anywa wote wanasimama kumtazama.

Kati yao nilimwona mmoja wa miaka 9 au 10 hivi, mkono wa kushoto umeishia chini kidogo ya kiwiko. Dumu alikuwa ameliacha zamani. Alikuwa anakwenda hadi kwenye mtumbwi uliofungwa, mita 30 hivi, anagusa ubavu wa mbao kwa mkono wa kulia na kigutu cha ule wa kushoto kwa pamoja, anageuka, anarudi. Hakuna aliyekuwa amemwambia sheria ya kunyoosha yote miwili. Alipotoka kwenye mstari kidogo alipiga teke la pembeni, akarudi. Wenzake hawakuwa wanamtazama. Walikuwa wanagombea zamu ya dumu.

Nilimuuliza dada aliyekuwa akisugua sufuria kwa mchanga kama kijana anasoma. "Anasoma, shikamoo," akajibu, akikumbuka salamu katikati ya sentensi. "Ila shuleni huyu ni mpole sana. Huwezi kumjua."

Mtoto akatoka majini. Akajipangusa kwa kanga iliyokuwa juu ya jiwe, akavaa kaptura, kisha akavaa shati la mikono mirefu, la bluu, lililokuwa kubwa kwake. Jua lilikuwa limeshapanda na mchanga ulikuwa unachoma nyayo. Akauchukua mkono mtupu wa shati, akauingiza mfukoni, akausukuma kwa vidole mpaka ukakaa, akaangalia pande zote mbili, halafu akapanda njia ya kwenda kijijini.